Ini Lisisubiri Moshi

Ng'ombe akichinjwa alfajiri, paja lake linaweza kuning'inia buchani hadi jioni na bado likapata mnunuzi. Maini hayana subira hiyo. Mnyama akishakufa, misuli yake hujitengenezea asidi, na asidi hiyo huwachelewesha bakteria. Ini na figo hubaki na asidi kidogo, maji mengi na damu, na vimeng'enya vyake vyenyewe huanza kuvilainisha kutoka ndani. Ndiyo maana nyama ya ndani hutangulia kuliwa karibu kila mahali watu wanapochinja. Siku ya Idi ya kuchinja, katika nyumba nyingi maini huingia kikaangoni kabla nyama nyingine haijagawanywa. Wamaasai wakichinja porini, figo na ini huliwa palepale, mara nyingi bila kuguswa na moto. Asubuhi ya Dar es Salaam ina supu ya utumbo na supu ya mapupu, na jioni ya Nairobi ina mutura, utumbo uliojazwa nyama na damu ukabanikwa juu ya makaa. Mutura haukuota mizizi Pwani, kwa sababu damu ni haramu katika Uislamu, lakini ini na wengu vimehalalishwa kwa hadithi iliyopokewa na Ibn Majah, na Mswahili huvila bila wasiwasi.

Yote hayo ni mapishi ya haraka. Tatizo huanza pale nyama inapozidi walaji na friji haipo, au ipo na umeme haupo. Hapo wazo la moshi huja lenyewe, maana kuanzia Kigoma hadi Mwanza watu wamekuwa wakikausha samaki kwa moshi vizazi na vizazi. Kama moshi unamfikisha samaki wa Ziwa Tanganyika katika soko la mbali akiwa salama, kwa nini usimhifadhie mtu maini, moyo, ulimi, firigisi na utumbo? Na vikishakauka, vinabaki na lishe gani?

Kosa la kwanza ni kuviweka viungo vyote hivyo katika kapu moja. Moyo ni msuli. Ulimi ni msuli. Firigisi ni msuli, tena mgumu. Utumbo ni mrija wa misuli na ngozi laini. Vyote hivi vina nyuzi, maji yake yana njia ya kutokea, na moshi unavifaa vizuri sana. Ini ni tishu nzito isiyo na nyuzi, iliyojaa damu na virutubisho ambavyo mlaji anavihitaji, na bakteria pia. Ninachokitetea katika uchambuzi huu ni kwamba ini liliwe bichi, kwa maana ya siku hiyohiyo na likiwa limeiva, na moshi waachiwe moyo na wenzake. Tena hicho cha moshi kitumike kidogo, kama kitu cha kuipa mboga ladha na nguvu, badala ya kulundikwa sahanini.

Tuanze na lishe, kwa sababu ndiyo inayowafanya watu walitukuze ini. Gramu 100 za maini mabichi ya ng'ombe zina protini gramu 20 hivi, madini ya chuma karibu miligramu 5, foleti mikrogramu 290 hivi, vitamini A karibu mikrogramu 5,000 na vitamini B12 karibu mikrogramu 60. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 tu za B12 kwa siku, na kwa kuwa mwili una uwezo wa kuiweka akiba, mlo mmoja wa maini unamtosheleza kwa siku kadhaa. Hakuna chakula kingine cha kawaida jikoni kwetu kinachofika hapo.

Uwezo huo ulithibitishwa hospitalini kabla wanasayansi hawajaijua vitamini yenyewe. Mwaka 1926, huko Boston, George Minot na William Murphy waliripoti kwamba wagonjwa wa aina ya upungufu wa damu iliyokuwa ikiua watu walipata nafuu walipolishwa maini kwa wingi kila siku. George Whipple alikuwa amewatangulia kwa majaribio ya mbwa waliopunguzwa damu. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1934. Vitamini B12 ilikuja kutengwa mwaka 1948, na hadi wakati huo dawa ilikuwa ini lenyewe na dondoo zake. Wagonjwa hawakulipenda, walilila kwa kuwa liliwafanya waishi.

Kwenye madini ya chuma, hata hivyo, sifa za ini la ng'ombe zimepita kiasi. Gramu 100 za moyo wa ng'ombe zina chuma kinachozidi kidogo miligramu 4, protini karibu gramu 18 na B12 inayozidi mikrogramu 8. Yaani kwa chuma moyo unalikaribia sana ini, na B12 yake inatosha mara tatu mahitaji ya siku. Ini lenye chuma kingi kweli ni la nguruwe, linalopita miligramu 20, likifuatiwa na la kuku lenye miligramu 9 hivi. Mama anayepita buchani akaambiwa maini ya ng'ombe yamekwisha ila moyo upo, na bei yake ni ndogo zaidi, hajakosa kitu kikubwa kwa upande wa damu. Alichokosa ni foleti na vitamini A.

Hiyo vitamini A nayo ina pande mbili. Mwanamke mzima anahitaji mikrogramu 700 kwa siku, mwanamume 900, na kiwango cha juu kisichopaswa kupitwa mara kwa mara ni mikrogramu 3,000. Gramu 100 za maini zinaruka kiwango hicho kwa mlo mmoja. Kwa mtu mzima mwenye afya, anayekula maini mara moja kwa wiki, si jambo la kutisha. Kwa mjamzito ni jambo zito, kwa sababu vitamini A ya wanyama ikizidi sana miezi ya mwanzo inaweza kumdhuru mtoto tumboni, na Uingereza inawashauri wajawazito wasile ini kabisa. Ushauri huo umeandikwa kwa nchi ambako upungufu wa vitamini A ni nadra. Haufai kubebwa mzimamzima hadi kijiji ambacho upungufu huo upo, ila mjamzito wa popote anastahili kuambiwa na mkunga wake kwamba kipande kidogo mara mojamoja ni kitu kimoja, na sahani ya maini kila siku ya soko ni kitu kingine. Moyo, ambao karibu hauna vitamini A, unampa chuma bila hofu hiyo.

Sasa weka moshi na ukavu juu ya hesabu hizi. Kukausha hakuongezi kirutubisho chochote. Kunaondoa maji, kwa hiyo kilichobaki kinajikusanya. Ini la kilo moja likikauka likawa nusu kilo, chuma katika kila gramu 100 kinakuwa mara mbili, na vitamini A iliyosalia nayo vivyo hivyo, na chumvi uliyoweka pia. Madini hayaharibiwi na moto. Foleti na vitamini B1 hupungua kwa joto na kwa maji ya kuchemshia yakimwagwa, na vitamini A huliwa polepole na hewa na mwanga. Matokeo yake, ini la moshi ni chakula kilichopoteza sehemu ya kilichokuwa kizuri zaidi ndani yake, huku hatari yake ya kuzidisha ikiwa imebanwa katika kipande kidogo. Moyo wa moshi umepoteza kidogo mno, kwa sababu utajiri wake ni protini, chuma na B12, ambavyo vinavumilia zaidi.

Je, moshi unahifadhi nini hasa? Moshi wa kuni una fenoli, asidi na formaldehaidi, na vyote hivyo huua au kudumaza vijidudu. Vinafanya kazi juu ya uso wa nyama na kina kidogo tu chini yake. Katikati ya kipande kinene moshi haufiki. Huko ndani mlinzi ni chumvi iliyopenya, maji yaliyopungua, au joto lililoivisha. Mtu anayetundika kipande kikubwa juu ya meko na kusema moshi utakilinda amelinda ganda, na kiini amekiacha.

Historia imelipia somo hilo kwa maisha ya watu. Mwanzoni mwa karne ya 19, katika ufalme wa Württemberg huko Ujerumani, watu walikuwa wakifa baada ya kula soseji za damu na za ini zilizokaushwa kwa moshi. Walianza kuona vitu viwiliviwili, kope zikalegea, koo likashindwa kumeza, kisha pumzi ikakatika huku akili ikiwa timamu. Daktari wa wilaya aliyekuwa pia mshairi, Justinus Kerner, alikusanya visa 76 akavichapisha mwaka 1820, na mwaka 1822 akafikisha 155. Hakuijua bakteria, maana elimu hiyo haikuwapo, lakini alitambua kwamba sumu hutokea ndani ya soseji pasipo na hewa, kwamba inashika mishipa ya fahamu, na kwamba kiasi kidogo kinatosha kuua. Alifika hata kujaribu dondoo la soseji hizo mwilini mwake. Ugonjwa huo leo unaitwa botulizimu, na bakteria wake alitambuliwa na Emile van Ermengem wa Ubelgiji baada ya tukio la mwaka 1895. Anapenda sehemu isiyo na hewa, isiyo na asidi, yenye unyevu na vuguvugu. Hayo ndiyo maelezo ya tumbo la soseji ya ini kuliko kitu chochote kingine jikoni, na soseji zile zilikuwa zimepitia moshi.

Ukichunguza mahali ambapo ini na moshi vimepatana, utakuta mlinzi ni mwingine. Marekani wana soseji ya ini iitwayo Braunschweiger, ambayo kwa kanuni za serikali yao lazima iwe na ini lisilopungua asilimia 30. Hiyo huivishwa kwa joto linalopimwa na hutiwa nitraiti, na kazi ya moshi ni harufu. Ini la samaki aina ya kodi, linaloliwa sana Ulaya ya kaskazini likiwa la moshi ndani ya mafuta yake, hufungwa kwenye kopo na kupikwa humo humo kwa joto kali. Wachina wa Hunan hutia maini ya nguruwe chumvi na kuyatundika juu ya moshi pamoja na nyama nyingine, lakini hufanya hivyo mwezi wa kumi na mbili wa kalenda yao, katikati ya baridi. Baridi hiyo ndiyo friji yao, na haipo Tanga wala Mombasa.

Mfano unaonivutia kuliko yote ni wa Wabai wa Yunnan, kusini-magharibi mwa China. Wao huchukua ini bichi la nguruwe, hulipulizia hewa kwa mrija hadi livimbe, humimina chumvi, pombe kali na viungo katika mishipa yake, kisha hulitundika penye upepo kwa wiki nyingi. Likikauka huchemshwa, hukatwa vipande vyembamba na kuliwa kwa siki. Hawatumii moshi kabisa. Wamelielewa tatizo lenyewe: ini ni zito mno, maji hayana pa kutokea, basi lifunguliwe kwanza. Anayekausha ini bila kulifungua kwa namna yoyote, awe na moshi au bila moshi, anashindana na umbile lake.

Kwa misuli hadithi ni nyingine kabisa. Wasami wa kaskazini mwa Skandinavia hukausha moyo wa kulungu wa barafu kwa chumvi na moshi baridi, wakaukata vipande vyembamba kama karatasi, na ni kitu cha kumkaribishia mgeni wa heshima. Ufaransa wana andouille. Ile ya Vire, Normandy, hutengenezwa kwa matumbo na utumbo wa nguruwe uliosafishwa, ukatiwa chumvi, ukafukizwa kwa moshi wa mti wa biichi kwa wiki kadhaa hadi ganda liwe jeusi, halafu ukachemshwa kwa saa nyingi. Ile ya Guémené, Bretagne, huvishwa utumbo mmoja juu ya mwingine, zaidi ya mara 20, hata ikikatwa huonyesha duara ndani ya duara. Ustadi huo wote umewekwa kwenye kitu ambacho matajiri wa mji wangekitupa, na hakuna ini ndani yake.

Afrika Mashariki hatuna desturi iliyoenea ya moshi kwa nyama ya ndani, lakini tunayo maarifa yote inayoyahitaji. Ankole, Uganda, wanayo nyama kavu ya moshi inayoliwa pamoja na eshabwe, mchuzi mweupe wa samli. Kaskazini mwa nchi hiyohiyo nyama kavu ya moshi hupikwa katika odii, karanga na simsim zilizosagwa pamoja. Waborana na Wasomali wa Kenya wana nyirinyiri, vipande vidogo vilivyokaangwa vikakauka na kuzamishwa ndani ya mafuta, njia isiyohitaji moshi hata kidogo. Na kuna wanawake wa mialo ya maziwa yetu, wanaojua kwa jicho na pua ni kuni gani inampa samaki rangi ya dhahabu na ipi inamtia uchungu. Ujuzi wao unaufaa moyo wa ng'ombe moja kwa moja.

Namna ninayoipendekeza inaanza sokoni asubuhi. Moyo uwe mwekundu wa kukolea, ulioshikamana, usio na utelezi. Upasuliwe, mabonge ya damu yaoshwe, mishipa mikubwa na mafuta meupe ya juu yatolewe, kisha ukatwe mapande yenye unene wa kidole. Chumvi gramu 25 kwa kila kilo ya nyama inatosha. Ukiongeza pilipili manga na kitunguu saumu si vibaya. Ulale usiku mmoja mahali pa baridi. Asubuhi uchemshwe polepole hadi ulainike, na mchuzi wake utunzwe, maana humo ndimo zilimokimbilia vitamini za maji. Ndipo uende kwenye moshi, saa mbili au tatu, juu ya uchaga na mbali na ndimi za moto. Ulimi ni vivyo hivyo, ila uchemshwe karibu saa tatu na ngozi yake imenywe ungali wa moto. Firigisi zimenywe ile ngozi ya njano ya ndani, zichemshwe, zichomwe kwenye vijiti na kufukizwa kwa saa moja. Utaratibu wa kuchemsha kwanza ndio kiini cha usalama: joto limeshaingia hadi katikati, na moshi unakuja kufanya kile unachokiweza, yaani harufu, rangi na ulinzi wa juu. Hata hivyo, kilichochemshwa na kufukizwa bado kina maji. Kwenye friji kihesabiwe siku tatu au nne, si wiki.

Kuni ziwe ngumu na kavu: mwembe, mpera, mgunga, au makumbi ya nazi. Msonobari una utomvu unaoacha uchungu na masizi, mbao za rangi zina sumu, na taka za plastiki zisisogee kabisa. Mafuta yakidondokea makaa huzaa moshi mweusi wenye benzopireni, kemikali inayosababisha saratani. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha mikrogramu 2 kwa kilo ya nyama ya moshi tangu mwaka 2014. Ndiyo maana moyo uliokwisha kuondolewa mafuta ni salama zaidi mbele ya moshi kuliko nyama ya mbavu. Majiko yaliyoboreshwa, kama Chorkor la Ghana na lile lililobuniwa na FAO pamoja na Wasenegali wa Thiaroye, hupunguza masizi na kuyahurumia macho na mapafu ya anayekausha. Huyo anayekausha hukumbukwa mara chache sana tunapozungumzia usalama wa chakula cha moshi, ingawa ndiye anayeuvuta moshi mwingi kuliko mlaji yeyote.

Kiasi kina uzito wake. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, mwaka 2015 liliiweka nyama iliyosindikwa, ya moshi ikiwamo, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, likisema kila gramu 50 zinazoliwa kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18 hivi. Ongeza chumvi, ambayo mwenye shinikizo la damu hana nafasi nayo, na purini, ambazo zimejaa katika nyama zote za ndani na humuumiza mwenye jongo. Figo nazo hukusanya kadimiamu mnyama anavyozeeka. Za mnyama kijana, mara mojamoja, zinatosha.

Ndipo mboga za majani na kunde zinapoingia. Utafiti wa afya wa kitaifa wa Tanzania wa 2015–16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49, na asilimia 58 ya watoto wa chini ya miaka mitano, walikuwa na upungufu wa damu. Malaria, minyoo na selimundu vimo ndani ya takwimu hiyo, lakini chuma kidogo chakulani kimo pia. Maharage na mchicha vina chuma ambacho mwili hukinyonya kwa shida. Nyama, hata kidogo, ina chuma kinachonyonywa kwa urahisi, na zaidi ya hapo huusaidia mwili kukivuta kile cha maharage. Kwa hiyo gramu 100 za moyo wa moshi, zilizokatwa vipande vidogo ndani ya chungu cha kunde cha watu watano, zinafanya kazi kubwa kuliko uzito wake, na hakuna mlaji anayefikia kiwango cha kuogopwa. Limau likakamuliwa juu, chai ikasubiri saa moja baada ya kula, na kazi hiyo inaongezeka.

Jikoni mambo ni mepesi. Kisamvu kilichozoea samaki mkavu kitaupokea moyo wa moshi bila mabadiliko yoyote: kisamvu kichemke hadi kiive, karanga zilizosagwa ziingie, vipande vya moyo viingie pamoja nazo ili viachie harufu, na tui zito lije mwisho, moto ukiwa mdogo. Chumvi isitiwe kabla ya kuonja. Firigisi za moshi zinafaa katika mrenda, ambao unapenda kitu cha kutafunwa ndani yake. Ulimi wa moshi ukatwe mwembamba, uliwe na kachumbari yenye limau nyingi, au uingie katika maharage ya nazi dakika kumi kabla ya kuepua. Ule mchuzi uliotunzwa unasongea ugali wa watoto vizuri kuliko maji matupu.

Na maini ya siku hiyo? Yakatwe, yakaangwe kwa vitunguu na pilipili hoho hadi wekundu wa ndani uishe, yaliwe yakiwa moto. Yawe yamepita mikononi mwa mkaguzi wa nyama, kwa sababu ini ndilo linaloonyesha magonjwa ya mnyama. Ini lenye malengelenge ya maji, yanayojulikana sana na wafugaji wa Turkana, halitibiwi na moshi wala chumvi, wala lisirushiwe mbwa: mbwa akilila hupata minyoo yake, na mayai ya minyoo hiyo humrudia binadamu kupitia kinyesi cha mbwa, yakajenga malengelenge yaleyale ndani ya ini la mtoto. Ini hilo lichomwe moto hadi liwe majivu, au lifukiwe kina ambacho mbwa hawezi kukifukua.